Namna ya Kuidai Kaunti Huduma za Waraibu

Kila tarehe 26 Juni, siku ya dunia ya kupinga dawa za kulevya, hapa Pwani fulana hugawiwa, bendi hupiga, wakubwa huhutubu, na sisi tunaokula au tuliowahi kula unga, yaani heroini, hupangwa mbele tupigwe picha. Siku nne baadaye, tarehe 30 Juni, bunge la kaunti linatakiwa liwe limeshapitisha bajeti ya mwaka mpya wa fedha. Kwa hiyo siku tunayopewa kipaza sauti ndiyo siku ambayo pesa zimekwisha kugawanywa. Anayetaka kliniki ya methadoni, dawa ya kumtibu mraibu wa unga, iendelee kufunguliwa, au dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga ipatikane zahanati ya mtaani kwake, inambidi awe amefika miezi minne kabla, wakati hakuna bendi wala fulana.

Mimi ni mwelimishaji rika hapa Mombasa. Unga niliula miaka mingi, kwanza wa kuvuta, kisha wa sindano. Leo nakunywa methadoni, na jioni nauza kahawa. Kundi letu halina ofisi. Tuna waraibu, tuna waliopona, tuna akina mama wenye watoto maskani, yaani vijiweni wanakokaa waraibu, na tuna muuguzi mmoja mstaafu ambaye bila yeye tusingejua nusu ya haya. Tunakutana kibarazani kwa mmoja wa akina mama hao, baada ya alasiri.

Kwa nini kaunti? Januari 2025 serikali mpya ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, ndipo wengi wetu tulipotambua jinsi huduma zetu zilivyotegemea fedha za wageni. Sindano safi, posho za waelimishaji rika, nauli za kuwafuata waliokosa dozi: vya mfadhili viliyumba, na wenzetu wakapoteza kazi. Muuguzi aliyekuwa akilipwa na kaunti aliendelea kuja kazini. Tangu hapo neno letu ni moja: kinachotuweka hai kiandikwe kwenye bajeti ya kaunti, kwa kiasi na kwa jina lake. Hii hapa njia tunayopita.

Anza maskani, na uulize swali dogo

Ukienda maskani ukauliza "mnataka serikali iwafanyie nini?", utaambiwa kazi, nyumba, mtaji. Ni kweli wanavihitaji, lakini huwezi kuvipeleka kwenye kikao cha bajeti ukarudi na kitu. Uliza hivi: "Mara ya mwisho uliyokosa dozi, ulikosa kwa nini?" Au: "Yule ndugu aliyefia pale nyuma ya kuta, nani alijaribu kumsaidia, na alikosa nini mkononi?" Swali la namna hiyo linapata jibu ambalo lina pesa ndani yake.

Kwa asiyejua, methadoni huili wala hujidungi. Ni dawa ya maji, unakunywa mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Inazuia arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, kwa siku nzima bila kukulewesha kama unga. Ukikosa siku kadhaa mfululizo, hawawezi kukurudishia dozi yako ile ile kwa kuwa inaweza kukuua. Unapimwa upya, unaanzia chini, na wiki hiyo arosto inakurudia. Hapo ndipo wengi hurudi kwenye kete za unga.

Sisi tulinunua daftari la shule tukalichora mistari: tarehe, anakotoka, nauli, amefika au hakufika, sababu. Majina hatukuandika. Kila mtu alijichagulia alama yake. Mmoja alichora samaki, mwingine ufunguo, dada mmoja alichora kandambili. Daftari lilikaa kwa mama muuza mahamri jirani na kliniki, na kila asubuhi watu walipita wakajaza, na asiyejua kuandika aliandikiwa.

Baada ya miezi michache daftari lilisema jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kutuambia. Sababu ya "hakutaka" ilikuwa nadra. Yule wa samaki anatoka Likoni. Feri kwa miguu ni bure, lakini kutoka feri mpaka kliniki ni matatu, na kurudi vivyo hivyo, na yeye anaishi kwa kuokota plastiki na vyuma chakavu. Siku ambayo mnunuzi wa vyuma hakufungua, samaki hakufika. Yule wa kandambili alikosa kila mtoto alipougua, maana hana wa kumwachia, na foleni ya asubuhi imejaa wanaume wanaomjua. Wengine walikosa kwa sababu walikamatwa njiani. Daftari lile lilitupa madai mawili ya uhakika, saa maalumu ya wanawake na sehemu ya pili ya kunyweshea dawa upande wa pili wa maji, na sasa tulikuwa na kurasa za kuonyesha.

Anza na daftari. Mwenye daftari husikilizwa tofauti na mwenye malalamiko, na mtu aliyechora kandambili yake kila asubuhi hujua kwamba kazi hii ni yake.

Jua mlango wa kubisha

Nguvu nyingi hupotea kwa kupeleka dai kwa mtu asiye na uwezo nalo. Katiba ya 2010 iligawanya kazi kwenye Jedwali la Nne. Vituo vya afya vya kaunti na afya ya msingi ni kazi ya kaunti. Na katika orodha hiyo hiyo ya kazi za kaunti kumeandikwa udhibiti wa dawa za kulevya, jambo ambalo MCA wengi, yaani wawakilishi wa wadi, wanashangaa kuonyeshwa. Chapa ukurasa huo, uupige mstari, uwe nao mfukoni.

Saa za kufungua kliniki, wauguzi, mshauri nasaha, kununua dawa, gari la wagonjwa, chumba cha pili cha kunyweshea methadoni: yote hayo mlango ni kaunti, yaani idara ya afya na kamati ya afya ya bunge la kaunti. Polisi ni wa serikali kuu. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, iliyorekebishwa 2022, ni ya Bunge la taifa, lililoko Nairobi. MCA hawezi kuibadilisha hata akikuapia. Ukimwomba MCA aondoe sheria, atakubali kwa mdomo, mtapigiana makofi, na hakuna kitakachotokea. Ukimwomba aulize kwenye kamati kwa nini zahanati za wadi yake hazina naloksoni, ile dawa ya kumzindua aliyezidiwa, umempa kazi anayoiweza.

Chagua dai moja

Mwaka mmoja, dai moja. Tuliowahi kufika na orodha ndefu tunajua jinsi inavyopokelewa: inapigwa muhuri, inawekwa kabatini.

Nikupe mfano wa naloksoni, kwa kuwa kwangu ndilo dai la kwanza kwa kaunti yoyote yenye unga. Mtu akizidiwa, unga unamlaza ubongo mpaka anasahau kupumua. Midomo inakuwa rangi ya majivu, anakoroma koromo la ajabu, kisha koromo linakatika. Maskani watu humwagia maji, humpiga makofi, humpa maziwa, wengine humdunga maji ya chumvi. Hakuna hata kimoja kinachomrudisha. Naloksoni, ya sindano au ya kupuliza puani, inamrudisha kwa dakika chache. Nguvu yake huisha ndani ya nusu saa mpaka saa moja na nusu, na unga unaweza kumlaza tena, kwa hiyo bado lazima apelekwe hospitali. Lakini atafika akiwa hai. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, na tangu 2014 linashauri wapewe hata watu wa kawaida wanaoweza kumshuhudia mtu akizidiwa. Na Katiba yetu, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Anayekata pumzi nyuma ya kuta ni dharura.

Dai lako liandike katika sentensi isiyozidi pumzi moja: nini, wapi, nani anunue, mwaka gani. "Tunaomba idara ya afya inunue naloksoni kwa zahanati zote za wadi hii na magari ya wagonjwa, na ifunze wauguzi na waelimishaji rika kuitumia, katika mwaka wa fedha ujao." Bei muulize mfamasia mnayemwamini, kwa maandishi. Dai lisilo na bei huahirishwa kwa kisingizio cha kutafuta bei.

Omba karatasi

Kabla ya kudai pesa, jua zilizopo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu raia yeyote aombe taarifa kwa ofisi ya umma, na inasema wazi kwamba ombi laweza kuwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Usikubali karani akuambie barua ya Kiswahili haipokelewi. Asiyeweza kuandika, afisa anatakiwa amsaidie ombi lake liandikwe. Na si lazima ueleze sababu ya kuuliza.

Barua yetu huwa fupi:

"Kwa Afisa wa Habari, Idara ya Afya ya Kaunti. Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba kujua: kiasi kilichotengwa na kilichotumika kwa tiba ya uraibu katika mwaka wa fedha uliopita, idadi ya wafanyakazi wa kliniki ya methadoni wanaolipwa na kaunti na wanaolipwa na wafadhili, na zahanati zilizopokea naloksoni mwaka huo. Wako mwaminifu."

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanaipiga muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na unaondoka nayo. Huo muhuri ni mali. Siku 21 zikipita bila jibu, una haki ya kulalamika kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, ile ambayo wengi wanaijua kama Ombudsman, na huwezi kulalamika vizuri bila nakala yenye muhuri. Mlinzi wa lango aweza kukuambia acha hapa, nitaipeleka. Usimwachie. Kaa mpaka masijala ifunguliwe.

Katika ofisi moja, ambayo siitaji, mwenzetu aliambiwa "mateja hawaingii hapa" akiwa na barua mkononi. Tangu siku hiyo barua zinapelekwa na watu wawili, mmoja wao mama mtu mzima mwenye buibui lake. Haifai iwe hivyo. Mtu yeyote ana haki ya kuingia ofisi ya umma. Lakini barua lazima ifike.

Tarehe zinazotawala kila kitu

Kufikia 1 Septemba kaunti hutoa mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kisha, na hapa ndipo penye uzito, kufikia 28 Februari serikali ya kaunti hupeleka bungeni waraka wa mkakati wa fedha, ule wanaouita CFSP, na bunge lina siku 14 kuujadili. Waraka huo ndio unaoweka kikomo cha kila idara. Afya ikipangiwa kiasi fulani Februari, kinachobaki baadaye ni kunyang'anyana ndani ya kiasi hicho. Vikao vya maoni ya umma kuhusu waraka huu hufanyika kati ya Januari na Februari, na tangazo huwa dogo: gazetini, kwenye tovuti ya kaunti, kwenye ubao wa ofisi ya wadi. Mpe mtu mmoja wa kundi kazi ya kupita kwenye ubao huo kila wiki.

Aprili, kufikia tarehe 30, makadirio yenyewe ya bajeti yanakuwa bungeni, na kuna vikao tena. Hapo unaangalia kama lililoahidiwa Februari limo.

Kuna na mpango wa miaka mitano. Uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandikwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027, kwa harakaharaka, na lisilokuwamo humo litakataliwa miaka mitano kwa jibu la "halimo kwenye mpango". Anzeni kuandika aya yenu mapema. Na katika msimu huo wa kampeni wagombea watakuja maskani kutafuta vijana wa kubeba mabango kwa mia mbili mia mbili. Kundi lenu likubaliane mapema kwamba hakuna anayepokea nauli ya mwanasiasa kwa jina la kundi. Tumeona kundi zuri likivunjika kwa ajili ya bahasha moja.

Dakika mbili za kusema

Kikao cha wadi huwa ukumbi wa kijamii au hema, viti vya plastiki, na wazee wanaotaka barabara na maji. Fika mapema, jiandikishe kwenye rejista, kwa maana rejista ndiyo ushahidi kwamba mlikuwepo. Kaeni mmetawanyika. Mkikaa pamoja watasema ni kundi limeletwa.

Asizungumze mmoja. Sisi huwa watatu. Mraibu au aliyepona anasema kilichotokea, mama anasema kilichompata nyumbani, muuguzi anasema bei. Kila mmoja dakika mbili, na wote watatu wanamalizia na sentensi ile ile ya dai, neno kwa neno, ili karani wa kikao aiandike kama ilivyo. Mama mmoja wetu alisimama akasema: "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni mkazi wa wadi hii na ni mpiga kura. Mwanangu alizidiwa saa tatu usiku. Nilimpeleka zahanati yetu, muuguzi yuko, mlango uko wazi, dawa hakuna. Alifia kwenye tuktuk tukielekea hospitali kubwa. Naomba naloksoni kwa zahanati zote za wadi hii katika mwaka wa fedha ujao." Akakaa. Hakulia, na hakumlaumu mtu. Mzee aliyekuwa akipigania barabara ndiye aliyesimama baada yake akasema liandikwe.

Utaambiwa: "Pesa za kuwanunulia mateja dawa zitoke wapi na akina mama hawana vitanda vya kuzalia?" Usishindane na kitanda cha kuzalia. Jibu kwamba mama anayejifungua na kijana aliyezidiwa wanapokelewa na muuguzi yule yule, mlango ule ule, na bei ya unachoomba umeshaiandika.

Utaambiwa pia: "Polisi wamalize unga tu, mambo yaishe." Hili lijibu kwa upole, maana anayelisema mara nyingi ni mzazi aliyechoka. Mwishoni mwa 2010 unga uliadimika ghafla hapa Pwani, baada ya msako. Niliwaona vijana wakitapika kwenye mitaro, machozi na kamasi zikiwatoka, wakijikunja kwa maumivu ya mifupa, na hospitali hazikuwa na la kuwapa ila dawa za maumivu. Wengine walidunga chochote walichopata. Methadoni hapa Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na Malindi mwaka uliofuata. Tanzania walikuwa wameshaanza Muhimbili tangu Februari 2011. Unga ukiondoka na tiba haipo, mtu anabaki na arosto tu.

Baada ya kusema, mkabidhi karani memoranda yenu, ukurasa mmoja, na kama kawaida mrudi na nakala yenye muhuri.

Ombi rasmi la bunge la kaunti, na hatari ya sahihi

Vikao vikishindikana, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu haki ya kupeleka ombi bungeni kwa jambo lolote lililo chini ya kaunti. Muulize karani wa bunge akuonyeshe utaratibu wao. Kwa kawaida ombi linaeleza tatizo, linasema mmeshajaribu wapi mkakosa (hapo mihuri yenu inazungumza), linasema kama jambo liko mahakamani au la, linamalizia na mnachoomba, na chini yake majina, nambari za vitambulisho na sahihi au alama za kidole gumba.

Hapo kwenye nambari za vitambulisho simama ufikiri. Kula unga ni kosa la jinai. Ukiandika juu ya karatasi "sisi tunaotumia dawa za kulevya" kisha watu wakaweka sahihi na nambari za vitambulisho, umetengeneza orodha ya washukiwa na kuipeleka mwenyewe serikalini. Andika "sisi wakazi wa wadi hii". Tafuta sahihi za wazazi, wenye maduka, waendesha tuktuk, walimu wa madrasa, wauguzi. Mraibu anayetaka kutia sahihi atie, kama mkazi. Daftari la alama libaki nyumbani. Kinachotoka ni hesabu zake tu.

Vivyo hivyo kwa mwandishi wa habari. Mtu anayekunywa methadoni leo aweza kuomba kazi mwakani, na picha yake itakuwa bado mtandaoni. Mweleze hilo kabla ya kamera, msikae mkamweleza baada.

Sheikh, na mkuu wa kituo

Mwaka 2012 serikali ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi, viongozi wengi wa dini hapa Pwani waliupinga hadharani. Siwalaumu. Hakuna aliyekwenda kwao kwanza. Walisikia redioni kwamba serikali itawapa vijana wao vifaa vya kujidungia. Mzee anayeambiwa jambo zito kupitia redio hawezi kulikubali.

Kwa hiyo nendeni kabla. Nendeni baada ya swala, msiende na wageni wa mashirika, na atangulie mtu mzima ambaye sheikh anamjua. Sheikh mmoja alituuliza moja kwa moja: "Mnataka niwaambie watu sindano ni halali?" Mama wetu akamjibu: "La, sheikh. Unga ni haramu, hilo hatubishani nawe. Tunamwuliza huyu ambaye ameshaingia. Afe leo, au aishi mpaka siku atakayotubu?" Sheikh alinyamaza, kisha akaanza kuuliza maswali ya kweli: methadoni inalewesha? mtu anaweza kuswali akiwa ameinywa? nani anaizuia isiuzwe? Muuguzi alijibu moja baada ya jingine. Tukakumbushana hadithi ya Mtume, laa dharara walaa dhiraar, yaani kusiwe na kudhuru wala kudhuriana, na tukamweleza kwamba Iran na Malaysia wana methadoni na sindano safi, kwamba Zanzibar kuna kliniki Kidongo Chekundu, na kwamba MEWA, taasisi ya Waislamu wa hapa hapa Mombasa, imewahudumia waraibu kwa miaka.

Uwe na tarakimu moja, si kumi. Makadirio ya mwaka 2011 yaliweka maambukizi ya Virusi vya Ukimwi kwa Wakenya wanaojidunga kuwa asilimia 18 hivi. Uchunguzi wa taifa wa 2012 ulikuta asilimia 5.6 kwa watu wazima kwa jumla. Hao wanaojidunga wana wake, na wake wana mimba. Sheikh yeyote aliyewahi kusuluhisha ndoa anaielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Usimwombe akutetee sindano mimbarini. Mwombe mambo mawili: asiwalaani waraibu kwenye hotuba, na kaunti ikimuuliza, aseme amezungumza nanyi. Sheikh yule hakuwahi kututetea hadharani, lakini alipoitwa na MCA hakupinga, na hilo lilitutosha.

Polisi ni kazi nyingine. Kifungu cha 5 cha ile sheria ya 1994 kinafanya kuwa kosa hata kukutwa na kifaa cha kutumia dawa, na askari wengi husoma sindano humo. Mtu aliyetoka kuchukua sindano safi, au anayerudisha zilizotumika ili zisitupwe mchangani wanapocheza watoto, aweza kukamatwa kwa sindano hizo hizo. Mkuu wa kituo hawezi kubadilisha sheria, na kuibadilisha ni ombi la Bunge chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, kazi ya miaka na ya makundi mengi pamoja. Lakini mkuu wa kituo anaamua askari wake wasimame wapi asubuhi. Karibu na kliniki moja doria ilikuwa ikisubiri watu wakitoka, siku za mwisho wa mwezi hasa, na kila mtu alijua kwa nini. Tulimwandikia mkuu wa kituo, tukaomba kikao, akaja daktari, akaja muuguzi wetu. Tuliomba jambo moja: mwenye kadi ya kliniki asikamatwe langoni wala njiani wakati wa kunywa dozi. Alikubali, na tuliandika kumbukumbu za kikao zikawekwa sahihi. Akihamishwa, na huhamishwa mara kwa mara, unakwenda kwa mpya na kumbukumbu zile mkononi, unaanza tena.

Pesa zikipita, zifuate

Kuingia kwenye bajeti si kufika zahanati. Julai muulize mfamasia wa kaunti kama agizo limeshatoka. Oktoba nenda zahanati yenyewe, uombe kuona chupa. Ofisi ya Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya matumizi ya kaunti kila robo mwaka, iko wazi mtandaoni, na saiba, kwenye duka la intaneti, watakuchapia kurasa za idara ya afya tu. Mkikuta fedha zilitengwa hazikutumika, hiyo ndiyo barua yenu ijayo, na mpango wa Septemba ndio kikao chenu kijacho.

Faili la barua zenye mihuri, kumbukumbu za polisi na daftari vikae kwa watu wawili, nakala kwa nakala, na angalau mmoja wao asiwe mraibu. Sababu ni wazi: wenzetu hukamatwa, huugua, na wengine hurudi kwenye unga. Amueni hilo mapema mkiwa mmetulia. Aliyerudi kwenye unga hafukuzwi kundini. Anaondolewa tu kwenye kushika fedha na kusema mbele ya kikao mpaka akae sawa, na anajulishwa hivyo siku ya kwanza anapojiunga, kama wengine wote.